Bunduki Mpya Inapokwama: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: bunduki mpya ya semi-otomatiki, yaani ile inayotupa ganda na kujipakia risasi inayofuata yenyewe, inakwama kila baada ya risasi chache. Baadhi yenu mmeshaanza kuagiza springi. Tunawaomba msubiri kidogo. Bunduki inapokwama huacha ushahidi palepale, na ushahidi huo hupotea mara tu mtu anapokoki upya kwa hasira. Kabla hujagusa kitu, tazama mambo mawili: bolti, yaani kipande cha chuma kinachokwenda nyuma na mbele kupakia na kutoa risasi, imesimama wapi, na ganda liko wapi. Mengi ya majibu yaliyo hapa chini yametokana na wasomaji walioyatazama hayo mawili na kutuandikia walichokiona.

Kila ukaguzi uanze hivi: mdomo wa mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe nje ya triga, sefti ifungwe kama inakubali, magazini itolewe, bolti ivutwe nyuma, kisha chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Bunduki iliyokwama aghalabu bado ina risasi nzima ndani.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina bunduki mpya ya aina ya AR-15, ya risasi za milimita 5.56. Risasi ya kwanza inalia vizuri. Nikivuta triga mara ya pili nasikia "ka!" tu. Nikifungua nakuta chemba tupu, na risasi bado zimo kwenye magazini. Maganda yanadondoka karibu na mguu wangu wa kulia, kwa nyuma. Risasi ya mwisho ikishatoka, bolti haibaki nyuma. Nimeshauriwa nikate springi ya kitako mizunguko miwili. Nikate?

JIBU: Usikate, ndugu yetu. Ulivyoeleza ni dalili kamili za bolti isiyorudi nyuma vya kutosha. Gesi ya baruti hutoka kwenye mtutu kupitia tundu dogo, ikapita kwenye bomba jembamba lililo juu ya mtutu, ikaingia kwenye kibeba bolti na kukisukuma nyuma. Bolti inatakiwa ipite nyuma ya kitako cha risasi inayofuata, ndipo ikirudi mbele iikumbe risasi hiyo. Yako inaishia njiani: imefika mbali kiasi cha kutupa ganda na kukoki nyundo, lakini haikufika nyuma ya risasi. Inarudi mbele mikono mitupu, ndiyo maana unasikia "ka!" juu ya chemba tupu. Kuibakiza bolti nyuma baada ya risasi ya mwisho kunahitaji safari ndefu zaidi kidogo, kwa hiyo hilo ndilo hushindikana kwanza.

Thibitisha kwa jaribio la risasi moja. Weka risasi moja tu kwenye magazini, pakia, piga. Bolti ibaki nyuma. Rudia mara tano, kisha mara tano nyingine kwa magazini tofauti. Ikikataa kwa magazini zote, nguvu haitoshi. Ikikataa kwa magazini moja tu, bunduki haina kosa, ni magazini. Ikibaki nyuma mara zote kumi, gesi inatosha na utafute ugonjwa kwenye upakiaji.

Ikithibitika kuwa nguvu haitoshi, anza na mafuta. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, ambayo mengine hunata na mengine yamekwishakauka. Futa yote, kisha paka mafuta ya bunduki pale chuma kinapokwaruzana na chuma: kwenye reli za kibeba bolti, utazitambua kwa mng'ao zitakaoupata baada ya risasi chache, kwenye shina la bolti, na kwenye pini inayoizungusha bolti. Upande wa kulia wa kibeba bolti kuna vitundu viwili vidogo. Dondoshea tone moja katika kila kimoja, bolti ikiwa mbele. Tone hilo huenda moja kwa moja kwenye ringi za gesi, zile zinazoizingira bolti ili gesi isivuje. Chuma kionekane kimelowa, kisichuruzike.

Halafu badilisha risasi. Risasi nyingi za bei nafuu za .223, ndugu wa 5.56 anayefanana nayo kwa umbo, hupakiwa baruti kwa upole, na bunduki mpya bado ina msuguano. Jaribu risasi 40 za 5.56 zenye ganda la shaba na kichwa cha greni 55 au 62, yaani gramu 3.6 au 4. Soma kwanza maandishi kwenye mtutu. Mtutu ulioandikwa 5.56 NATO hupokea .223 bila shida, lakini mtutu ulioandikwa .223 Rem usiupe 5.56, kwa sababu nafasi iliyo mbele ya chemba yake ni fupi na shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi.

Ikiwa bado, fuata gesi inakopotelea. Toa kibeba bolti kikiwa na bolti yake, ivute bolti mbele hadi mwisho, kisha ukisimamishe mezani kwa uso wa bolti. Kikisimama bila kushuka, ringi tatu za gesi ziko sawa. Kikididimia chenyewe kwa uzito wake, ringi zimelegea, zibadilishwe. (Kuna wanaosumbuka kuhakikisha mianya ya ringi hizo haikai mstari mmoja. Ringi huzunguka zenyewe bunduki ikifanya kazi. Usipoteze muda hapo.) Juu ya kibeba bolti kuna kipande kinachopokea gesi kutoka kwenye bomba, kimefungwa kwa skrubu mbili. Kishike kwa vidole ukitikise. Kikicheza hata kidogo, au ukiona michirizi myeusi ya moshi kwenye kitako chake, gesi inavuja. Kiwanda kinachojali kazi hugongelea chuma cha pembeni kwenye vichwa vya skrubu hizo ili zisilegee. Kama zako hazina alama za kugongelewa, umepata mshukiwa mkubwa.

Mwisho ni bloku ya gesi, ile iliyoshika mtutu juu ya tundu lenyewe. Ikisogea milimita moja au mbili tu, inaziba sehemu ya tundu. Moshi mwingi mweusi kuizunguka ni ishara. Hapo usifungue, na usikubali mtu akutobolee tundu liwe kubwa zaidi. Chuma kilichotobolewa hakirudi, na dhamana huenda nacho. Bunduki ni mpya: mrudishie muuzaji.

Kuhusu springi: tatizo la gesi halitibiwi kwa mkasi. Ukiikata, bolti itarudi nyuma kwa urahisi lakini itakosa nguvu ya kuja mbele na kusukuma risasi hadi ndani. Utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Unachoweza kufanya ni kuhakiki kuwa uliyopewa ndiyo sahihi. Springi ya kitako kifupi kinachorefushwa huwa na mizunguko 37 hadi 39, ya kitako kirefu kisichorefuka 41 hadi 43. Bafa, kile kizito kinachokaa mbele ya springi, ya kawaida ya kitako kifupi ina gramu 85 hivi. Zilizoandikwa H zina kama 108, na H2 kama 131. Tumeona bunduki mpya zikikwama kwa sababu tu zilifungwa bafa ya H2 huku mwenyewe akipiga risasi laini. Kurudisha ya gramu 85 kulitosha.

Tahadhari moja kwa wasomaji wengine: kuna ugonjwa unaofanana na huu ambao ni kinyume chake kabisa. Gesi ikizidi, bolti hurudi mbele kwa kasi kuliko magazini inavyoweza kuinua risasi, nayo pia hupita juu yake na kuiacha. Maganda ndiyo yatakayokuambia. Bunduki yenye afya huyatupa kulia, au kulia na nyuma kidogo, hatua chache. Yenye gesi nyingi huyarusha mbele kwa nguvu, na ukingo wa ganda huonekana umekwaruzwa au kuchanwa na kucha inayolivuta. Yako yanadondoka nyuma karibu na mguu, kwa hiyo wewe upo upande wa upungufu.

SWALI: Nimenunua bunduki ndogo ya .22 ya kujifunzia shabaha. Kila magazini moja, ganda moja au mawili yanabanwa yakiwa yamesimama wima kwenye dirisha la kutolea, kama bomba la moshi. Natumia risasi zisizo na kelele nyingi kwa sababu ya majirani wa uwanja. Je, kucha ni mbovu?

JIBU: Yaelekea ni risasi. Bunduki nyingi za .22 hazina gesi wala kufuli la bolti. Kinachoishikilia bolti ni uzito wake na springi tu, na kinachoisukuma ni ganda lenyewe likirudi nyuma. Kila kitu kimepimwa kwa risasi ya kasi kubwa: kichwa cha greni 40, kasi ya futi 1,200 hadi 1,250 kwa sekunde, karibu mita 365 hadi 380. Hizo za utulivu huenda kwenye futi 1,070 hivi au chini yake. Bolti inarudi polepole, ganda halijamaliza kutoka, bolti inalibana.

Piga risasi 200 za kasi kubwa kwanza, nyuso za chuma zilainike, halafu rudi kwenye zile za utulivu. Bunduki nyingi baada ya hapo huzikubali. Isipozikubali, hiyo ndiyo tabia yake, na hakuna aibu kuiacha itumie inachokipenda.

Katikati ya hizo 200, safisha chemba. Vichwa vya risasi za .22 hupakwa nta, na nta hiyo pamoja na masizi hujenga utando kwenye mdomo wa chemba. Ganda linakazana kuingia na linakazana kutoka. Brashi ya shaba ya .22, ikizungushwa mara kumi ndani ya chemba na kufuatiwa na kitambaa kikavu, inatosha. Kisha chukua kijiti cha meno ukwangue chini ya kucha. Kibonge cha masizi chenye ukubwa wa punje ya mchanga kinatosha kuizuia kucha isishike ukingo.

Mara nyingine risasi ikikataa kulia, itazame kwenye ukingo. Risasi za .22 hazina fataki, yaani kile kidude cha kuwasha baruti, katikati ya kitako. Kemikali ya kuwasha imesambazwa ndani ya ukingo, na kuna mahali huwa imepungua. Subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea shabaha, toa risasi, uitazame alama. Kama pini imezama vizuri, izungushe nusu duara uirudishe, huenda ikalia. Kama alama ni hafifu kwa risasi nyingi mfululizo, chunguza kama bolti inafunga hadi mwisho, au kama njia ya pini imejaa mafuta mazito.

Na hili tunaliandika kwa msisitizo: ukisikia mlio wa "pwu" badala ya "paa", acha kila kitu. Usikoki, usipige ya pili. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu. Toa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, kisha pitisha ufito mtutu mzima kabla ya kuendelea. Risasi nyingine ikipigwa nyuma ya iliyokwama, mtutu huvimba au kupasuka.

SWALI: Wataalamu, nimepata SKS, ile bunduki ya zamani ya kijeshi ya semi-otomatiki, iliyohifadhiwa miaka mingi. Imejaa grisi nene ya rangi ya kahawia. Nimeifuta kwa nje na kwenye mtutu, inakoki vizuri. Naweza kwenda uwanjani?

JIBU: Hapana, tafadhali usiende. Katika SKS nyingi pini ya kufyatulia haina springi ya kuirudisha nyuma. Inatakiwa ielee huru ndani ya bolti. Grisi ile ikiigandisha ikiwa imechomoza mbele, bolti ikifunga itaigonga fataki na risasi italia bila triga kuvutwa. Huenda zikafuatana kadhaa mpaka magazini iishe. Hatari nyingine ni risasi kulia kabla bolti haijafunga sawasawa, usoni pako.

Fungua bolti yenyewe, utoe pini. Loweka vyote kwenye mafuta ya taa kwa saa kadhaa, nje, mbali na moto, piga brashi, futa, kausha. Njia ya pini ndani ya bolti isafishwe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Unganisha tena, ishike bolti sikioni uitikise. Pini icheze mbele na nyuma kwa mlio mkavu wa chuma, "tiki-tiki", bila kusita. Pini na njia yake viachwe vikavu, bila mafuta. Bomba la gesi na pistoni yake pia vibaki vikavu, kwa kuwa mafuta pale huungua na kuwa masizi magumu.

Uwanjani anza na risasi moja kwenye magazini. Iachie bolti ijipakie, kidole mbali na triga, uone kama itafunga kimya. Fanya hivyo mara tatu au nne, kisha pakia mbili, na baada ya hapo tu ndipo ujaze zote kumi. Mlio wowote ambao hukuuomba, simama, na bolti irudi mezani.

SWALI: Magazini zangu za risasi 30 hazikubali kuingia bolti ikiwa mbele. Nikizisukuma kwa nguvu zinashika, halafu risasi ya kwanza inapinda pua na kukita kwenye ukuta ulio chini ya chemba.

JIBU: Pakia 28. Zikiwa 30 kamili, rundo la risasi halina nafasi ya kushuka, na bolti iliyo mbele inalizuia lisipande. Bonyeza risasi ya juu kwa kidole gumba: ishuke milimita chache na kurudi. Ukiisha kuijaza, gonga mgongo wa magazini mara mbili kwenye kiganja ili risasi zikae nyuma. Iingize kwa kusukuma, kisha ivute. Isipotoka, imeshika.

Risasi inayoinamisha pua hutokana na kibao cha ndani kinachoinama, springi iliyochoka, au uchafu. Ile inayopanda juu mno na kubanwa juu ya chemba, mara nyingi midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoishikilia risasi, imepanuka. Usiikunje kwa koleo. Midomo hiyo ikiwa kombo hata kwa unywele inabadilisha kila kitu, na magazini ni kitu cha kubadilishwa. Kwenye bunduki za .22 kuna jambo la ziada: ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini, la sivyo zinafungana. Pakia moja moja, kila moja ukiisukuma nyuma taratibu, usizimwage tu.

Angalia pia unavyopumzisha bunduki. Wengi huegemeza magazini mezani wanapolenga. Uzito wote unaisukuma magazini juu na kuipinda, na bunduki nzima inaonekana mbovu.

SWALI: Ganda limebaki ndani ya chemba na risasi nyingine imejisukuma nyuma yake. Kuna njia salama ya kuzitoa?

JIBU: Elekeza mtutu salama. Vuta bolti nyuma na uifunge hukohuko, ili risasi ya pili isiendelee kubanwa. Chomoa magazini, itakaza, ivute kwa nguvu. Tikisa bunduki risasi iliyolegea idondoke. Kisha koki mara tatu bila magazini. Mara nyingi ganda linatoka lenyewe.

Likibaki, tazama ndani kwa tochi uhakikishe ni ganda tupu. Kama ni tupu, ufito wa kusafishia uingizwe kwa mdomo wa mtutu, ulisukume kwa kugonga polepole. Kama ni risasi nzima iliyokwama, usiiguse kwa ufito kamwe. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni, ukimjulisha kwa sauti kabla ya kuifikisha mikononi mwake.

Ganda linalobaki mara kwa mara lina sababu tatu za kawaida: chemba chafu au yenye mikwaruzo, springi ya kucha dhaifu, au ukingo uliochanwa. Lishike ganda kwenye mwanga. Mikwaruzo mirefu ubavuni mwake inasema chemba. Ukingo mzima usio na alama ya kung'atwa unasema kucha haikushika. Ukingo uliochanika unasema kucha ilishika vema, ila ganda lilikuwa bado limegandamana na chemba bolti ilipoanza kuvuta, na hapo tunarudi kwenye gesi iliyozidi au uchafu.

SWALI: Nivumilie risasi ngapi kabla ya kurudisha bunduki dukani?

JIBU: 200 za nguvu kamili, bunduki ikiwa safi na imepakwa mafuta, kwa magazini tatu tofauti zilizoandikwa namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Kukwama mara moja au mbili ndani ya 50 za mwanzo kusikutishe. Kukwama kwa namna ileile baada ya 150, rudisha, isipokuwa kama kunafuata magazini moja.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha risasi, bafa na magazini siku moja na bunduki ikapona, hutajua kilichokuwa kibovu. Katika daftari andika kila kukwama: ni risasi ya ngapi, aina ya risasi, magazini namba ngapi, bolti ilisimama wapi, ganda lilikuwa wapi. Piga picha dirisha la kutolea maganda kabla ya kusafisha. Okota maganda matano ya risasi zilizokwama na matano ya zilizopita salama, uyatie kwenye mifuko miwili yenye maandishi, uyapeleke pamoja na bunduki na ile magazini iliyohusika. Fundi atayasoma hayo kabla hajafungua skrubu hata moja.